Mchanga Kwenye Dohani

Siku niliyokuta mchanga ndani ya treni ya baba, niliweka bisibisi mezani, nikatoka uani, nikasimama karibu na mapipa ya maji na kuanza kuhesabu moja hadi ishirini ili hasira zishuke. Nilifika saba. Nikarudi ndani na kuuliza, kwa sauti ambayo binti hapaswi kumtolea mzazi wake, ni nani aliyetia mchanga humu.

"Mimi," alisema baba, bila wasiwasi wowote. "Mabomba yalikuwa yameziba masizi."

Afadhali nieleze tangu mwanzo, maana nikiishia hapo mtu atadhani baba yangu amechanganyikiwa, na hajachanganyikiwa hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa karibu kuchanganyikiwa.

Treni yenyewe ni ya kuchezea, ingawa ukilitamka neno hilo mbele ya baba utajuta. Ni injini ya mvuke ya mfano, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, nyeusi, yenye magurudumu mekundu na dohani fupi kichwani. Inatumia umeme, na inazunguka kwenye reli za duara juu ya meza ya sebuleni, nyumbani kwa wazazi wangu, mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma. Baba alipewa na mhandisi mgeni aliyekuwa amepanga nyumba ya jirani wakati wa ujenzi wa reli mpya. Wawili hao walikuwa wakizungumza injini juu ya ukuta wa uani kila jioni, baba kwa Kiswahili, mgeni kwa mikono. Mkataba wake ulipokwisha alikuja na boksi, akapanga reli mezani, akatoa chupa ndogo na kudondosha matone kadhaa ndani ya dohani, kisha akawasha umeme. Baada ya dakika moja hivi, moshi mweupe ukaanza kutoka.

Mama alishika mdomo. Baba aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa reli, na kichwa chake kikawa kinazunguka na treni.

Wakati huo jicho lake la kulia lilikuwa limeshakufa kwa presha ya macho. La kushoto lilibakiwa na tundu dogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba dawa ya matone itachelewesha tu. Tundu litaziba. Hakusema lini. Mgeni alipoondoka, baba aliniita pembeni.

"Mama," aliniambia, "mimi sina maombi mengi. Huu moshi nataka niuangalie mpaka nishibe, kabla giza halijaingia. Wewe si fundi? Nitunzie."

Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi, bibi ambaye sikumkuta. Tangu nikiwa mchanga ananiita hivyo, na kila anapotaka jambo hasa ndipo anapolivuta neno lenyewe. Nikasema sawa, baba, hilo ni dogo.

Ilikuwa ahadi ya bure kabisa. Mimi natengeneza mashine za fotokopi. Tangu serikali ihamie huku sijawahi kukosa kazi. Nafungua mashine kubwa kama friji, nabadilisha vipuri, nafunga, na watu wa ofisi wananiamkia shikamoo hata walionizidi umri. Kidude cha moshi cha ukubwa wa kidole gumba kingenishinda vipi?

Inabidi pia nieleze kwa nini moshi, maana hata mimi mwanzoni jambo hilo lilinikera. Baba alianza kazi reli akiwa kijana, kama fayamani, yaani mtu wa moto kwenye injini za mvuke zilizochoma mafuta mazito. Na sifa yake kubwa, ambayo tumelishwa pamoja na uji tangu utotoni, ni kwamba dohani yake haikuwa ikitoa moshi. Moshi mweusi, alikuwa akisema, ni uvivu. Ni mafuta yanayopotea. Fayamani anayejua kazi, dohani yake inatetemesha hewa tu. Sasa mtu aliyejisifu miaka yote kwamba hatoi moshi, uzeeni ananisumbua nimpatie moshi!

Ila kulikuwa na moshi mmoja aliokuwa akiutoa makusudi. Injini za mafuta zilikuwa zikijaza masizi kwenye mabomba ya ndani, na dawa yake ilikuwa mchanga. Fayamani anachota mchanga mkavu, anaurushia kwenye tanuri kupitia kitundu cha mlangoni, ule moto unauvuta kwa nguvu, mchanga unakwangua masizi na yote yanatokea juu kama wingu jeusi. Kazi hiyo ilipaswa kufanywa kila baada ya mwendo fulani, lakini mahali hasa pa kuifanyia alichagua mwenyewe. Baba alikuwa akiuhifadhi mchanga wake mpaka mbele kidogo ya stesheni ya Kigwe, mahali ambapo kijiji chao kilionekana kutoka relini. Pale ndipo aliporusha. Treni zilikuwa nyingi, lakini wingu lile likipanda, bibi alijua mwanawe kapita salama. Alisimama, akainua mkono. Dereva wa treni alikuwa akimkemea baba kwamba angeweza kurusha mapema zaidi, na baba alikuwa akimjibu kwamba alikuwa hajaona masizi.

Hadithi hiyo naijua neno kwa neno. Kwa hiyo nilijua nilichoahidi, na ndiyo maana kila kilichofuata kiliniuma zaidi kuliko kilivyostahili.

Sasa, kile kifaa. Chini ya dohani kuna kikombe kidogo cha shaba. Ndani yake umepita utambi, na utambi umezungushiwa waya mwembamba kama unywele. Umeme ukipita, waya unapata moto, mafuta yaliyolowa kwenye utambi yanageuka moshi. Basi. Kwa kukosa jina tulikiita jiko. Jiko hilo lina masharti mawili tu: lisiwashwe kavu, na lisijazwe likafurika. Kavu, waya unaungua. Likifurika, waya unazama, unachemsha mafuta bila kutoa moshi, linabwabwaja tu kama mtoto anayepuliza maji. Matone kumi na tano, si zaidi. Niliyaandika kwenye karatasi, nikaibandika ukutani, kwa herufi kubwa.

Karatasi hiyo haikumsaidia mtu. Baba hakuweza kuisoma, na mama hakuona kwa nini asomewe masharti nyumbani kwake.

Jiko la kwanza aliliua baba mwenyewe. Alikaa mchana mzima akiitazama treni inazunguka, moshi ukapungua, ukaisha, na yeye akaiacha iendelee kwa matumaini. Nilipokuja Jumapili nikapima kwa mita: waya umekatika. Nikamwambia. Akasema injini yake yeye isingekufa kwa jambo dogo kama hilo. Nikamwambia injini yake ilikuwa na ukubwa wa nyumba.

Kipuri cha jiko hilo Dodoma hakuna. Nimeuliza kwa mafundi redio, kwa mafundi simu, kwa muuza vifaa vya umeme anayedai ana kila kitu. Wote walikigeuza mkononi, wakacheka, wakaniuliza mtoto ana miaka mingapi. Nikasema sabini na kitu. Mwishowe nikatoa waya kwenye draya mbovu ya saluni, nikaukata na kuuzungusha mwenyewe kwa kibano, nikishika pumzi. Ulikuwa mnene kuliko ule wa kwanza. Ulipasha kweli, ukatoa moshi wa kuridhisha kwa dakika nne, kisha plastiki ya dohani ikaanza kulainika. Mpaka leo dohani imepinda mdomo kama mtu aliyeonja ndimu. Hilo lilikuwa kosa langu na nilirudi Msalato ninakoishi bila hamu ya kula.

Nikazungusha waya mwingine, mrefu zaidi, usipate moto sana. Wakati huo ile chupa ya mgeni ilikuwa imekauka, na hapo ndipo mateso ya mafuta yalipoanza. Nilitumia mafuta ya watoto, yale mepesi yanayong'aa. Yalitoa moshi, lakini kidogo mno, kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi, na siku nyingine hata huo haukutoka. Kilichotoka bila kukosa ni harufu. Nyumba nzima ilinukia kama chumba cha mzazi. Mama akaanza kukohoa na kunung'unika kwamba yeye amemaliza kuzaa na hataki kukumbushwa.

"Unatoka," alikuwa akisema baba, ameegemea kiti, akitabasamu.

"Hautoki, baba. Ni harufu tu."

"Unatoka kidogo. Mimi nauona."

Nilikuwa nikitazama dohani kwa macho mawili mazima na sikuona kitu. Niliudhika. Nilijua ananihurumia, na hakuna kinachonichoma kama kuhurumiwa katika kazi. Fundi akikosea aambiwe amekosea.

Kukaja upepo wa mwezi wa saba na vumbi lake jekundu, ambalo huingia hata kwenye sukari iliyofunikwa. Likaingia kwenye jiko, likalowa mafuta, likawa tope. Nikalisafisha kwa spiriti na kijiti cha pamba. Jumapili iliyofuata likawa tope tena. Nikaishonea treni mfuko. Mfuko mama akaupenda, akauwekea vitunguu saumu.

Halafu mama akatia alizeti.

Sikuambiwa, niliigundua kwa mkono. Niligeuza injini, kidole kikanata. Nilipofungua kikombe, utambi ulikuwa umegeuka kitu kigumu cha rangi ya kahawia, kama kile kinachobaki pembeni mwa kikaango. Nikamuuliza mama kwa upole, na Mungu anajua upole ule ulivyonigharimu, kama aliongeza mafuta.

"Si lina utambi?" alinijibu, akishangaa kwamba naweza kuuliza. "Chenye utambi kinatiwa mafuta. Nilikiona kikavu, nikakitilia. Na ni alizeti nzuri, ile ya kukamuliwa. Nikakijaza vizuri, baba yako asije akapungukiwa."

Utamlaumu vipi? Mama amelelewa katika nyumba ambayo taa ikikutwa haina mafuta mgeni amefika, ni aibu ya mwenye nyumba. Akimimina kitu hupenda kifurike. Hata chai yake unaanza kuinywa kikombe kikiwa bado mezani. Baba, kwa upande wake, alikuwa ameridhika.

"Juzi ulitoka vizuri sana," alisema. "Ila ulinukia maandazi."

"Ulitoka au ulinuka?"

"Ulitoka. Niliuona mpaka kwenye pazia."

Nikakwangua ule ugumu kwa ncha ya sindano, wiki mbili, kila baada ya kazi. Nikaweka utambi mpya. Nikamwambia kila mtu ndani ya nyumba ile, kuanzia wazazi wangu hadi shangazi aliyekuja kusalimia tu, kwamba asiyekuwa mimi asiguse dohani. Wote waliitikia. Nikaenda zangu Chamwino kwa siku kumi, ofisi moja ilikuwa imenunua mashine na haijui kuziwasha.

Niliporudi ndipo nikakuta mchanga.

Haukuwa kidogo. Ulikuwa umejaa kwenye kikombe, umeshikana na mafuta, umeingia mpaka kwenye meno ya magurudumu. Mwingine ulikuwa umemwagika juu ya kitambaa cha meza, umezunguka injini pande zote, na nikafikiri moyoni, hata kulenga hakujali. Waya ulikuwa umekatika mahali pawili. Ule waya wa draya ulikuwa wa mwisho.

Baba akanieleza kwa subira, kama mtu anayemfundisha mgeni kazini. Moshi uliacha kunukia, alisema. Akajua mabomba yameziba. Akamwomba mama mchanga mkavu, mama akaupepeta vizuri kwa ungo, akausimamia wakati anautia. Alitia kijiko kimoja cha chai, akangoja, akatia kingine. Alishangaa kwamba haukuvutwa.

"Haukuvutwa kwa sababu hakuna moto, baba! Hakuna tanuri! Hakuna mabomba! Ni kopo na utambi!"

"Sasa moshi unatoka wapi?"

"Hautoki! Hautoki kabisa! Miezi yote hii hautoki, na wewe kila siku unaniambia unatoka, unatoka. Usinidanganye, baba. Mimi si mtoto. Kama hautoki sema hautoki."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la karanga, akitazama chini. Baba alipapasa mkono wa kiti chake.

"Haya, mama," alisema. "Nimekusikia."

Nilifunga injini kwenye kanga nikaondoka nayo. Sikuaga vizuri. Njiani kwenda Msalato nilikuwa bado naongea peke yangu, nikihesabu vipuri, vumbi, vitunguu saumu, na kila niliyemhesabu alikuwa na makosa isipokuwa mimi.

Wiki tatu sikwenda Kikuyu. Mama alipiga simu mara mbili kusema baba anaulizia treni. Mara zote nilisema kazi zimebana. Kazi zilikuwa zimebana kweli, lakini si hivyo. Niliona aibu, na kwangu aibu ikichelewa kutoka hugeuka hasira. Injini ilikaa juu ya meza ya karakana yangu, imegeuzwa miguu juu, na kila mteja aliyeingia aliuliza ni ya nani. Nilisema ni ya ofisi.

Lakini sikuweza kuiacha. Saa za chakula cha mchana nilifunga mlango, nikaichambua yote. Nilitoa mchanga chembe kwa chembe. Waya niliupata kwenye pasi ndogo ya nywele iliyotupwa, mwembamba kuliko wa draya, na safari hii niliupima kabla ya kuuzungusha badala ya kubahatisha. Utambi niliukata kwenye tambi za jiko la mchina, lile la mafuta ya taa, nyuzi chache tu, kwa sababu niligundua kwamba siku zote nilikuwa nikiubana mno na mafuta hayapandi. Ndiyo, kosa kubwa lilikuwa hilo, na lilikuwa langu tangu mwanzo. Alizeti na mchanga vilikuta jiko limeshashindwa. Nililijua hilo Jumatano moja, nikakaa nikalitazama kwa muda, kisha nikaenda kununua chapati.

Yalibaki mafuta. Nilitaka yasiyo na harufu, kwa sababu ya kikohozi cha mama, na pia kwa sababu zangu mwenyewe: sikutaka tena kuambiwa kuhusu maandazi. Nilitaka moshi unaoonekana, siyo unaonuswa. Duka la dawa wakanipa parafini ya maji, ile ya kunywa mtu aliyefunga choo. Dada wa dukani alinieleza kwa sauti ya chini nisizidishe vijiko viwili, na nisiende mbali na nyumbani. Nikamshukuru.

Nilidondosha matone kumi na tano. Nikawasha. Ulitoka moshi ambao sijapata kuuona tangu siku ya yule mgeni, labda kuushinda: mweupe, mzito, unapanda kwa taratibu na kujikunja juu. Nikaegemeza uso karibu. Hakuna harufu hata ya kusingizia. Nilicheka peke yangu karakanani. Nilijiona fundi kwelikweli.

Jumapili, watu wakiwa wametoka kanisani, nilikwenda Kikuyu. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu kichwani. Baba ana tundu dogo tu la kuonea, na ukuta wa sebule ni mweupe. Moshi mweupe kwenye ukuta mweupe hata mimi ungenisumbua. Kwa hiyo nilibeba joho langu la mahafali, jeusi tii, nililolishonesha mwenyewe na kulivaa siku moja. Nililitundika kwenye msumari nyuma ya meza, nikalinyoosha mikono pande zote mbili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo."

Nilisogeza kiti chake mpaka magoti yakagusa meza, nikamgeuza kidogo ili jicho la kushoto lielekee joho. Alikubali kila nilichomfanyia. Mama alisimama nyuma yake. Nikaweka injini kwenye reli, nikadondosha matone, nikawasha, nikarudi nyuma hatua moja. Sikusema neno. Nilitaka aone mwenyewe, asiambiwe.

Treni ilizunguka mara moja, ya pili. Ya tatu, ukatoka. Ulipanda mbele ya joho mweupe pe, ukachora kila mkunjo wake, ukafika kwenye kola na kutawanyika. Injini ilipopita mbele ya baba ulimgusa karibu na kifua. Nilikuwa nimebana mikono kifuani kama mtoto anayengoja kusifiwa. Mzunguko wa nne. Wa tano. Wa kumi.

Baba alikuwa ameinua uso, ametulia kabisa, akisikiliza ukimya wangu. Kisha akatikisa kichwa.

"Uliniambia nisikudanganye," alisema. "Haya. Hautoki, mama. Pole. Utajaribu tena siku nyingine."

Moshi ulikuwa ukipita mbele ya uso wake wakati anasema hivyo.

Nilimtazama mama. Alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kanga, na macho yake yaliniambia kwamba yeye alikuwa akijua. Nikamvuta mpaka jikoni. Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu mavuno ya zabibu ya mwezi wa tatu," alisema. "Aliamka asubuhi akaniuliza kwa nini sijafungua madirisha. Yalikuwa wazi yote."

"Na hamkuniambia!"

"Alinikataza. Alisema wewe uliahidi, na ukijua umechelewa utajilaumu."

Kwa hiyo alizeti aliiona kwa pua. Mchanga aliutia kwa kupapasa, na ule uliomwagika mezani ni ule uliokosa dohani. "Unatoka" zote nilizomkasirikia zilikuwa za mtu anayefuata harufu, akiamini kwamba harufu ndiyo moshi wenyewe, na mimi fundi nikaenda kutafuta mafuta yasiyonuka. Nilishika ukingo wa sinki. Nilikuwa na hasira kuliko siku ya mchanga, ila safari hii sikuwa na mtu wa kumpa.

Nilirudi sebuleni. Treni ilikuwa bado inazunguka. Nikapiga magoti karibu na kiti chake.

"Baba," nilisema, "unatoka."

Aligeuza uso upande wangu.

"Unatoka kweli?"

"Unatoka sana. Nisamehe. Sikujua kama huoni."

"Ah," alisema, na akatabasamu, si kwangu, kwa mahali fulani juu ya bega langu. "Hilo lisikulize. Hata bibi yako hakuuona moshi wangu. Hata siku moja."

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamwambia, si alikuwa anasimama, anainua mkono?

"Alikuwa anasimama. Lakini macho yake ugonjwa wa vikope uliyamaliza mimi nikiwa bado nachunga mbuzi. Jirani yake ndiye alikuwa anamwambia. Anamsimamisha, anamwambia, mwanao huyo anapita, kaumwaga, mweusi, umepanda hivi, umeelekea kule. Mama akija kunisimulia nikiwa likizo, anasimulia yote, na rangi. Ungedhani aliuona yeye." Akasogeza mkono mpaka ukapata kichwa changu. "Haya. Na mimi niambie."

Mwaka mzima nilikuwa nimelalamikia moshi ule, na sasa nilitakiwa kuusimulia. Nilifuta uso kwa mkono wa blauzi. Nikaitazama treni ikitokea upande wa dirishani.

"Ni mweupe," nilisema. "Mzito. Unatoka kwa mafungu, baba, siyo kwa mfululizo. Sasa injini inapiga kona. Moshi unalalia nyuma, unapita juu ya behewa ambalo hatuna."

"Upepo unatoka wapi?"

"Mlangoni."

"Kwa hiyo unaelekea wapi?"

"Kwako," nilisema. "Unakuja upande wako. Uko mezani, sasa uko kwenye mikono yako."

Baba aliinua kidevu kidogo, akafumba macho, akangoja umfikie.